Hesabu za makampuni mtuwekee kwa Kiswahili

Mhariri, salamu kutoka mwisho wa reli.

Mimi ni wakala wa miamala hapa Mwanga, Kigoma, mwaka wa tisa sasa nakaa kwenye kibanda kile kile na simu mbili na mashine ya benki mezani. Naandika kuhusu hisa, yaani vipande vya umiliki wa kampuni, maana nimechoka kusikia ni mambo ya watu wa Dar.

Mtu wa kaunta anaona vitu mapema sana. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu mimi sikusubiri gazeti linieleze, wiki ile ile wauza dagaa wa Kibirizi waliokuwa wanatuma hela kila jioni wakaanza kumpa kondakta wa basi noti kwenye bahasha, kamisheni ikashuka, floti, yaani hela yangu ya kufanyia miamala, inalala tu. Mwenye hisa za kampuni ya simu akikaa pale kwangu angejua kuna shida inakuja. Na upande wa pili kuna mama wa mawese, zamani hela alifunga kwenye pindo la khanga, siku hizi anakuja na namba ya akaunti kaandika kiganjani anaweka elfu ishirini ishirini, na wenzake hivyo hivyo, nikaanza kujiuliza hii faida ya benki inaenda kwa nani. Kuulizia, kumbe NMB iko soko la hisa la Dar es Salaam tangu 2008 na CRDB tangu 2009, na ile 2020 hisa moja ya CRDB ilikuwa chini ya shilingi 200! Nikanunua kidogo kidogo kupitia dalali wa hisa. 2024 ikapita 500.

Fundi ujenzi wa Gungu naye anajua saruji gani inaisha dukani kwanza, na kampuni za saruji za Twiga na Simba zote ziko kwenye soko hilo la hisa.

Ila kuona foleni peke yake haitoshi jamani. Jirani yangu wa duka la jumla aliona unga na juisi za Azam zinavyotoka akataka hisa zake, nikamwambia Bakhresa, wenye Azam, haiko soko la hisa, ile ni kampuni ya familia. Airtel Africa iko kwenye masoko ya hisa ya London na Lagos. Vodacom ya hapa kwetu iko Dar, waliuza hisa 2017 kwa shilingi 850 na miaka mitano baadaye bei bado ilikuwa chini ya hapo, wakati M-Pesa yao kila mtu anatumia. Kwa hiyo lazima ujue unanunua kwa bei gani na kampuni inaingiza faida kiasi gani, na kama ni benki uangalie mikopo chechefu, ile isiyolipwa vizuri, inapanda au inashuka.

Na hapo ndo nina ombi kwenu. Kila robo mwaka benki zinatoa hesabu zao kwenye magazeti, ukurasa mzima wa Kiingereza na namba ndogo ndogo, mama wa mawese ambaye hela yake ndo imo humo hawezi kuambulia kitu. Naomba mtenge nusu ukurasa tu mtuandikie kwa Kiswahili cha kawaida, faida ya mwaka jana na ya mwaka huu, mikopo chechefu, gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, kwa kila hisa. Gazeti nitalibandika kibandani, wanaosubiri zamu wasome.

Wakala, Mwanga, Kigoma