YAH: Malalamiko kuhusu kifaa cha marinda na namna nilivyotendewa kwenye kaunta yenu ya Kariakoo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti yenu ya waranti mnayafahamu, kwa hiyo sitayarudia hapa. Nilinunua kwenu kifaa cha cherehani cha kupiga marinda ya frili, kikashindwa kazi, na nilipokirudisha dukani muuzaji wenu alivunja sindano kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wateja, kisha akanigeuzia kibao na kudai kuwa mimi ndiye niliyeharibu kifaa.

Kifaa hicho hufungwa mahali pa mguu wa cherehani, uma wake ukishika skrubu ya sindano, na kina namba 1, 6 na 12 za kuchagua rinda lipigwe kila baada ya mishono mingapi. Nilikiweka kwenye 6. Marinda ya mwanzo yalitoka vizuri, lililofuata likaja kabla ya wakati wake, kisha kitambaa kikapita kipande kirefu bila rinda hata moja; na pale meno ya kifaa yalipokamata satini, yaliivuta nyuzi hadi ikachanika. Satini hiyo ilikuwa ya magauni ya watoto wa kusindikiza maharusi, na kila fundi anajua kwamba frili hula kitambaa mara mbili ya urefu wa pindo, au zaidi. Kifaa cha mikunjo ya kifuani, nilichonunua kwenu siku hiyohiyo, sina neno nacho, kwani kinashona mkunjo mmoja huku kikiutia alama unaofuata, kwa nafasi ileile niliyoipanga. Nalisema hili ili msije mkadhani kuwa sijui kuvitumia.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipochafuka. Muuzaji wenu alikifunga kifaa kwenye cherehani ya maonyesho iliyokuwa imewekwa zigizaga. Nilimwambia kwa adabu, kabla hajaiwasha, airudishe kwanza kwenye mshono ulionyooka, kwa kuwa tundu la kifaa ni dogo na sindano ikiyumba itagonga chuma. Akanijibu kwa sauti ya kusikiwa na duka zima, "Mama, usinifundishe kazi." Akawasha. Sindano ikagonga, ikakatika, na kipande chake kikaruka hadi kwenye kanga ya mwanafunzi wangu aliyesimama kando yangu. Kingeweza kumwingia jichoni. Badala ya kumwomba radhi binti wa watu, aliinua kifaa juu, akawaonyesha wateja na kusema, "Mnaona? Wanaharibu nyumbani, halafu wanakuja kudai hela." Kisha akanitaka nilipie sindano. Sikuilipa, na sitailipa. Tena nilikuwa nimewapigia simu kabla ya kufunga safari kutoka Morogoro, nikahakikishiwa kwamba kifaa kikiwa na risiti kitabadilishwa bila maswali.

Naomba mnirudishie bei yote ya kifaa. Pamoja na hiyo, nataka fidia ya satini iliyochanika na ya nauli. Na kwa kuwa nilidhalilishwa mbele ya mwanafunzi anayeniita mwalimu wake, nataka barua ya kuomba radhi, iliyosainiwa na meneja mwenyewe, ikielekezwa kwetu sote wawili. Muuzaji yule asiguse tena kifaa cha mteja mpaka afundishwe tofauti ya zigizaga na mshono ulionyooka.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka Tume ya Ushindani (FCC) chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, pamoja na kifaa, vipande vya satini na sindano iliyokatika, ambayo ninayo. Mafundi wenzangu wa Morogoro, ambao wengi wao hununua vifaa kwenu, nitawasomea barua hii neno kwa neno.

Nimeambatanisha nakala ya risiti.

Wenu,
Fundi wa nguo za sherehe,
Morogoro.