YAH: ROTARI EVAPORETA MLIYONIUZIA HAISHIKI VAKYUMU

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mwezi wa pili mliniuzia rotari evaporeta ya lita 5, mashine inayozungusha chupa na kuvukiza kimiminika ndani ya vakyumu, yaani hewa ikiwa imenyonywa, pamoja na pampu yake ya kunyonya. Natengeneza marhamu ya ngozi kwa majani ya mwarobaini hapa Morogoro, karakana ya watu watatu tu, na fedha za mashine hiyo nilizidunduliza mwaka mzima. Waranti bado haijaisha. Nimepiga simu mara nne, na mara tatu nimejibiwa kwamba fundi yuko njiani. Sijui anatembea kwa miguu.

Ethanoli, spiriti ninayotolea dawa kwenye majani, huchemka kwa nyuzi 78 kwenye hewa ya kawaida. Presha ikishushwa hadi kama milibari 175, inachemka kwa nyuzi 40 tu, na dawa inabaki salama. Ndiyo sababu ya kununua mashine hii. Yenu inagoma kwenye 400. Nilizima pampu nikaikodolea macho geji ya presha: kabla dakika mbili hazijaisha ilikuwa imepanda hadi 650. Nikachomoa mpira wa pampu, nikaunganisha geji na pampu peke yake, ikashuka hadi 20 bila shida. Basi pampu haina kosa. Nikafungua shingo inayozunguka, nikaikuta sili, ile pete ya kuzuia hewa isipenye: raba nyeusi, imechanika mdomo upande mmoja, ukiibonyeza inabonyea kama andazi la jana. Proforma yenu, ile ankara ya awali, imeandika tefloni, plastiki ngumu, siyo raba. Nakala yake na picha za sili nimeziambatanisha.

Simu ya nne fundi alipokea mwenyewe, akanishauri nipandishe beseni la maji linalopasha chupa hadi nyuzi 85. Nikamtii, na kwa hilo najilaumu. Niliweka lita 2 za ethanoli yenye dawa. Kwenye chupa ya kupokelea nikapata mililita 900. Nyingine ilibebwa na hewa inayoingia kwenye ule mpasuko, ikaipita kondensa, kile kioo cha kupoza mvuke, ikatokea kwenye pampu na kujaa chumbani. Mama lishe jirani yangu ana jiko la mkaa hatua chache kutoka dirishani. Ilibidi nitoke mbio kumwomba alizime, chapati zikiwa kwenye kikaango, na zile chapati nimezilipa mimi.

Dawa yenyewe, ambayo huwa nzito na kijani iliyoiva, ilitoka ya kahawia, inanuka sukari guru iliyoungua. Nimeimwaga. Kama nilitaka kuchemsha mwarobaini, sufuria ya mama ingenitosha.

Naomba mniletee sili ya tefloni kama mlivyoandika, ifungwe na mtu atakayepima uvujaji mbele yangu, geji ikiwa imekaa palepale baada ya pampu kuzimwa. Gharama za safari yake ni zenu. Pia mnirudishie thamani ya ethanoli iliyopotea na ya dawa iliyoungua. Hesabu yake iko kwenye karatasi ya mwisho. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Na tafadhali msiniambie niipakie kwenye basi niwaletee huko. Kondensa ni kioo kitupu, na makondakta wa buti mnawajua.

Wenu,
Mteja, Morogoro