Mashine zimekuja, wa kuzisoma wako Dar

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linanikera muda sasa. Mimi napiga picha za mionzi kwenye hospitali moja huku Nyanda za Juu Kusini, siyo daktari, ni mteknolojia, yule anayekwambia vuta pumzi, ibane, haya pumua.

Tangu zile hela za UVIKO, ule mkopo wa IMF wa trilioni 1.3 wa mwaka 2021, hospitali za rufaa za mikoa zimeletewa CT scan, mashine za kupiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi, tukashangilia kweli, mimi mpaka selfi nilipiga nayo. Sasa nani anaisoma? Picha napiga saa nne asubuhi, inatumwa kwa daktari bingwa aliyeko mbali, hapo mtandao ukikubali, majibu jioni au kesho, na mgonjwa katoka Makete na basi, alale wapi? Wengine wanajiondokea bila majibu.

Alafu watu wanadhani hii kazi ni kubonyeza kitufe tu. Eksirei ya kifua, mgonjwa asipovuta pumzi ikajaa, moyo unaonekana mkubwa na mapafu chini yanakuwa meupe, asiyejua kusoma anaandika moyo umetanuka, mtu anaanzishiwa dawa na moyo wake mzima kabisa. Ndo maana tunahesabu mbavu za nyuma, zionekane 9 au 10 juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mimi nilionyeshwa na mzee mmoja kwenye boksi la taa, ananipiga kidole kila nikikosea kuhesabu, na hicho ndo kitu hakipatikani kwenye semina za hotelini zenye posho na chai ya saa nne.

Daktari akitaka ubingwa wa mionzi lazima ahame huku, akakae mathalani Muhimbili miaka 3, na wengi hawarudi, siwalaumu, ukishazoea Dar na hospitali binafsi zinakuita utarudi kufanya nini.

Ila pale pale Muhimbili kuna kitu kilifanyika kizuri. Kuanzia 2018 wataalamu wa Yale ya Marekani walikuwa wanakuja kwa zamu na vifaa vyao, wanafundisha madaktari wetu kutibu kwa sindano na mirija midogo huku wanaangalia skrini, bila kupasua mtu, mwaka uliofuata MUHAS, chuo kikuu cha afya cha pale Muhimbili, ikaanzisha kabisa shahada ya matibabu hayo. Mwalimu ndo alipanda ndege, mwanafunzi akabaki na wagonjwa wake na mashine zake.

Basi na Dar iifanyie Mbeya hivyo hivyo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda tunayo, chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo hapa hapa mjini, wizara ilete bingwa mmoja kwa zamu ya miezi kadhaa, asome picha na sisi tukiwepo, na wakunga wa Chunya na Rungwe waje kwa awamu wafundishwe ultrasaundi ya wajawazito, maana wao hata huyo bingwa wa mtandaoni hawana.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya