Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii: Tunaomba basi la kwenda Shimba

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Majengo, Mombasa. Mimi ni fundi cherehani, mambo ya utalii si kazi yangu, na barua hii naiandika usiku baada ya kufunga duka. Nina ombi moja tu, ila halitaeleweka nisipokusimulia safari mbili.

Msimu wa sare za shule ulipokwisha, niliwaahidi vijana wanne ninaowafunza kazi kwamba nitawatoa matembezi. Wakasema popote, mradi si pwani. Bahari wanaiona kila siku. Nikawapeleka Marafa. Tulipanda matatu alfajiri hadi Malindi, tukabadilisha gari, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumesimama ukingoni mwa lile korongo ambalo wenyeji wanaliita Nyari.

Mheshimiwa, sijui kama umewahi kufika. Unatembea kwenye ardhi ya kawaida, mara ardhi inakatika mbele ya miguu yako. Chini kuna kuta na minara ya mchanga ulioshikana, mweupe, wa waridi, wa rangi ya chungwa, mwekundu, kama majora ya vitambaa yaliyosimamishwa dukani. Mvua na upepo ndivyo vilivyokata, na vingali vinakata. Kijana wa pale aliyetuongoza alitupa na hadithi ya wazee: palikuwa na watu matajiri wa ng'ombe, matajiri kiasi cha kuoga maziwa, Mungu akaghadhibika, ardhi ikawameza. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Mdogo wetu alimuuliza ng'ombe walikuwa wangapi. Yule kijana akacheka, akasema hilo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tukateremka hadi chini. Watalii wamepabandika jina la jiko la jehanamu, na saa saba mchana, nikiwa nimefunga shati kichwani, nilielewa kwa nini. Wenyeji wanasema uzuri wenyewe ni magharibi, jua linapolala na rangi zikakolea. Hatukungoja, tuliogopa kukosa gari la kurudi. Lakini tulifika, tukashuka, tukapanda. Nauli na miguu vilitutosha.

Safari ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Vijana walitaka maporomoko ya maji, na Marafa hayapo. Nikawaambia maporomoko yapo karibu zaidi, Shimba Hills, ile hifadhi ya wanyama ya Kwale, kilomita thelathini na kitu tu kutoka hapa. Tukavuka feri, ambayo mwenye miguu halipi, tukapanda matatu ya Kwale pale Likoni. Ukishapita Kombani barabara inaanza kupanda, hewa inabadilika, vijana wakafungua madirisha. Kwale tukachukua bodaboda hadi langoni, viazi karai mkobani.

Askari wa langoni alitukaribisha vizuri, kisha akauliza, "Gari lenu liko nyuma?"

Kosa lilikuwa langu, sikuuliza kabla. Humo ndani mna ndovu na nyati, na mtu haruhusiwi kutoka langoni kwa miguu akazurura. Sheria nzuri, mimi mwenyewe singependa kukutana na ndovu nikiwa na mkoba wa viazi. Kutembea kunaruhusiwa kwenye njia ya kushukia maporomoko ya Sheldrick, mwendo wa kilomita mbili hivi, tena ukisindikizwa na askari mwenye bunduki. Ila mpaka ufike inapoanzia hiyo njia, sharti uwe na gari. Tulikula viazi vyetu kando ya barabara, tukarudi.

Baadaye mteja wangu mmoja mwenye gari alinihurumia, akanichukua mimi na mmoja wa vijana, waliobaki hawakuenea. Kwa hiyo nimeyaona. Maji yanaanguka zaidi ya mita ishirini kwenye mwamba, na chini pana kidimbwi. Kushuka ni raha. Kupanda, magoti yangu ya kukanyagia cherehani yalinikumbusha umri. Tulisimama pia Giriama Point, upepo unavuma, nchi yote imetandazwa chini yako hadi baharini. Tuliwaona palahala, wale swala weusi wenye pembe zilizopinda nyuma, ambao Kenya nzima hawapatikani mwituni ila humo. Kijana aliyekuwa nami hakusema neno njia nzima, naye ni mtu wa maneno.

Na kuna jambo linaloniuma. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka Marere, chemchemi zilizo kwenye vilima hivyohivyo. Tumeyanywa tangu utotoni. Lakini ukiuliza mtaani kwetu nani amefika Shimba, utajibiwa kwamba huko ni kwa wazungu na wenye Prado. Kukodi gari kwa siku moja kunakaribia kodi ya chumba changu cha mwezi.

Ombi langu ndilo hili: basi dogo la viti ishirini na tano, Jumamosi na Jumapili. Liondoke Likoni asubuhi, liingie langoni, lisimame Giriama Point, litushushe penye njia ya maporomoko, litungoje, liturudishe kabla ya magharibi. Si jambo geni. Nairobi basi la KWS, shirika la wanyamapori, limewahi kuwachukua watu katikati ya mji wikendi na kuwatembeza mbugani. Hatuombi bure. Nauli tutalipa, na kiingilio tutalipa.

Mkianza na Jumamosi moja tu kwa mwezi, kwa kujaribu, viti vitano vya kwanza nimeshavipatia watu. Watatu kati yao bado wananidai maporomoko.

Wako mtiifu,
Fundi wa Majengo, Mombasa