Poka ya Las Vegas sio karata za kwenye treni

Mhariri, naomba nafasi kidogo.

Hapa Mwanga na kule Ujiji vijana wengi siku hizi wanaangalia poka, karata za kuchezea pesa, kwenye simu, wakishasikia habari ya yule mhasibu Chris Moneymaker aliyeanza na dola 86 mtandaoni akabeba dola milioni 2.5 mwaka 2003, basi wanaamini ukikaa tu mezani Marekani umetoka kimaisha. Mi mwaka jana nilienda kumtembelea mdogo wangu, tukapita Las Vegas siku mbili na nikacheza, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Karata sijaanza jana. Treni ya Kigoma nimeipanda miaka mingi, mnaanza kugawa Uvinza mpaka mnafika Tabora usiku bado mnacheza, wawili kwa wawili, mwenzako anakukonyeza unajua ana nini. Sasa kule kila mtu na lwake. Unapewa karata mbili za siri, tano zinafunuliwa katikati za wote, unatengeneza tano bora. Nikamuuliza mdogo wangu kitu kwa Kiswahili, mgawaji akanikata hapohapo, mkono (yaani mchezo mmoja, tangu karata zigawiwe mpaka mtu abebe pesa) ukiwa unachezwa ni Kiingereza tu! Niliumia sana, nikajua nabaguliwa, mpaka nikaona na mzee mmoja aliyeongea Kihispania kaambiwa vilevile. Wanaogopa watu kupeana siri za karata, na kwa kweli wana haki.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Nimepata ree mbili, mtu kaweka dola 10, mi nikarusha tokeni moja ya 25, zile wanazotumia mezani badala ya pesa, nikijua nimepandisha dau. Kumbe usipotamka kwanza kwamba unapandisha, tokeni moja kubwa inahesabiwa umefuata tu zile 10, ukarudishiwa chenji 15. Wengine watatu wakaingia kwa bei rahisi, mmoja akaja kupata karata tano za shupaza, zinazozipiga ree mbili, dola zangu kama 80 zikaondoka. Hiyo sio bahati mbaya, ni sheria ambayo hakuna aliyeniambia na mi sikuuliza.

Halafu watu wanadhani pale unashindana na kasino kama kwenye zile mashine za Wachina, hapana, unashindana na wenzako, wengine hiyo ndo kazi yao wanasubiri mtalii akae. Kasino yenyewe inakata chake kwenye pesa mlizoweka katikati, sheria ya Nevada, jimbo lenye Las Vegas, inaruhusu mpaka asilimia 10. Na meza ndogo ya dola 1 kwa 2, mkiwa watu kumi, kila mzunguko wa mikono kumi unatoa dola 3 za lazima, mara moja 1 na mara moja 2, hata usipocheza, kwa saa ni kama mikono 30, yaani dola 9 zinaliwa umekaa tu. Ukishinda, mgawaji naye anategemea dola yake.

Naandika haya kwa sababu kuna kijana hapa mtaani kwetu, miaka 19, anataka kuuza bodaboda yake apate nauli akacheze poka huko. Nevada chini ya miaka 21 hukai mezani kabisa. Nimeongea naye mara mbili hanisikii, ila gazeti lenu analisoma kila asubuhi pale kijiweni kabla hajapata abiria. Naomba sana muichape barua hii kabla pikipiki haijapata mteja.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma