Kwako mdogo wangu unayetaka jukwaa: mtazame Olivier

Mdogo wangu,

Unasema mwigizaji sharti ahisi kwanza, mwili utafuata wenyewe. Laurence Olivier, mwigizaji aliyezaliwa Dorking, Uingereza, mwaka 1907, alianzia upande wa pili. Alitafuta pua, meno, mwendo na sauti, na humo ndimo alimomkuta mhusika. Shylock, yule mkopeshaji fedha wa Shakespeare uliyemsoma katika Mabepari wa Venisi, Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, alimcheza London mwaka 1970 akiwa na meno ya bandia yaliyotengenezwa makusudi kuugeuza mdomo wake.

Kilichonifunza zaidi ni kilio chake akimcheza Oedipus, mfalme wa tamthilia ya kale ya Kigiriki, mwaka 1945. Mfalme amegundua kwamba amemuua babaye na kumwoa mamaye. Msiba mkubwa kiasi hicho hauwaziki, ukiung'ang'ania utaishia kupiga kelele tu. Olivier akawaza mnyama mdogo wa nchi za theluji, jamii ya kicheche. Wawindaji humwaga chumvi juu ya barafu. Mnyama akija kuiramba, ulimi unagandia hapohapo, hajinasui tena. Hicho ndicho alichokitolea sauti. Jioni hiyohiyo, baada ya mapumziko, alirudi jukwaani kuwachekesha watu katika The Critic, tamthilia ya vichekesho.

Kwa Othello, jemadari mweusi wa Shakespeare, mwaka 1964, alifanya mazoezi ya sauti kwa miezi mingi mpaka ikashuka karibu oktavo nzima, yaani ngazi nane za muziki. Alitembea pekupeku, nyonga zikiwa zimelegea. Kisha, yeye Mzungu, akajipaka rangi nyeusi mwili mzima na kuisugua kwa kitambaa chepesi mpaka ing'ae. Hapo alikosea, na usikubali kuambiwa kwamba zama zile hapakuwa na njia nyingine: Paul Robeson, Mmarekani mweusi, alikuwa ameshamcheza Othello London mwaka 1930. Filamu ya Othello hiyo, ya 1965, inaonyesha na kosa jingine, la kiufundi. Ishara zilizopimwa zimfikie mtu wa kiti cha mwisho zinazidi mno pale kamera inaposogea usoni.

Linganisha na Hamlet, filamu yake ya 1948 ya tamthilia nyingine ya Shakespeare, iliyompa tuzo ya Oscar. Humo sehemu ya maneno ya Hamlet akiwa peke yake inasikika midomo ikiwa imefumba. Itazame hiyo kwanza, ndipo utazame Othello.

Na lile la hofu ya jukwaani uliloniandikia. Yeye ilimkamata miaka hiyohiyo ya 1960, akiwa mkurugenzi wa kwanza wa National Theatre, kundi la maigizo la taifa la Uingereza, amepita miaka 55, jina kubwa kuliko wote. Koo linakaza, maneno yanatoweka. Ilimwandama kwa miaka kama mitano, naye hakuacha kupanda jukwaani. Katika Othello, alichoogopa zaidi ni kubaki peke yake mbele ya watu. Akamwomba Frank Finlay, aliyemcheza Iago, adui wa Othello, asirudi chumbani zamu yake ikiisha, asimame pembeni ya jukwaa mahali ambapo Olivier ataweza kumwona. Finlay akawa anasimama. Nawe chagua mtu wako mapema, mwonyeshe mahali pa kusimama siku ya mazoezi ya mwisho, na usione haya kumwomba.