Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, makocha wenzangu,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na majina ya waliopanda daraja la leseni yamebandikwa mlangoni, hivyo sitayarudia. Nafasi yangu naitumia kwa jambo moja lililotusumbua mwaka mzima: kocha mzawa anaajiriwaje, na anaachwaje.

Mfano uliokuwa midomoni mwa wengi ni wa Hemed Suleiman 'Morocco'. Tulimjua zaidi akiwa na Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, aliyoifikisha fainali ya Kombe la Chalenji, la Afrika Mashariki na Kati, 2017 kule Machakos, Kenya wakalichukua kwa penalti. Januari 2024, AFCON, fainali za mataifa ya Afrika, ikiwa inaendelea Ivory Coast, Adel Amrouche, kocha mgeni wa Taifa Stars, alifungiwa mechi nane na CAF, shirikisho la soka Afrika. Morocco akakabidhiwa Taifa Stars hapo hapo, Juma Mgunda akiwa msaidizi. Sare na Zambia, sare na DR Congo. Novemba mwaka huo akaifunga Guinea 1-0 Dar es Salaam, tukafuzu AFCON 2025. Agosto 2025 kwenye CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, akaongoza kundi bila kupoteza mechi, safari ikaishia robo fainali. Mwanzoni mwa Novemba, wiki chache kabla ya fainali alizozifuzu mwenyewe, TFF, shirikisho la soka nchini, ikatangaza kuachana naye kwa makubaliano ya pande mbili. Timu akapewa mgeni, Miguel Gamondi wa Argentina.

Tuseme ukweli: Niger na Zambia walikuwa wametufunga nyumbani katika mbio za Kombe la Dunia, na kocha hupimwa kwa matokeo. Wageni nao hawasalimiki. Emmanuel Amunike wa Nigeria alituvusha hadi AFCON 2019 baada ya miaka 39, akapoteza mechi zote tatu kule Misri, na Julai kibarua kikaota nyasi. Ila mzawa ana mkosi wake wa ziada, wa kuitwa nyumba inapoungua na kusogezwa pembeni moto ukizimika. Mgunda huyo huyo aliikuta Simba haina kocha Septemba 2022, akaiingiza makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa kuitoa Primeiro de Agosto ya Angola. Januari akaja Mbrazili Robertinho, yeye akawa msaidizi.

Kufukuzwa hatutakuzuia. Tunachoweza kupigania ni kufukuzwa kwa karatasi. Tangu Januari 1, 2021 kanuni za FIFA, shirikisho la soka la dunia, zina sehemu ya makocha: mkataba uwe wa maandishi, utaje muda na mshahara, na ukivunjwa bila sababu ya haki, kocha alipwe fidia. Lakini FIFA husikiliza mashauri yenye sura ya kimataifa, yaani kocha wa taifa moja na klabu ya taifa lingine. Mzawa anamalizana na klabu yake hapa hapa nyumbani, na huku silaha yake ni ile karatasi aliyosaini.

Sasa mzione hizo karatasi! Mwenzetu wa ligi ya chini alituletea yake mwaka huu. Ukurasa mmoja, mhuri wa klabu umekaa juu ya jina lake, kwenye mshahara pameandikwa "kama tulivyokubaliana", na tarehe ya mwisho ni mstari wa nukta tupu. Aliarifiwa kwa simu jioni, baada ya sare ya nyumbani, wakati kocha mpya yuko kambini tayari. Miezi aliyokuwa anadai hadi leo anadai, na kamati imekosa pa kushika kwa sababu hakuna kiwango kilichoandikwa.

Nawajua mtakaosema kwamba ukimdai kiongozi mkataba kamili, anampigia mwingine anayesubiri nje. Ni kweli, na mara nyingi huyo anayesubiri ni mwanachama wa chama hiki. Ndiyo maana kamati inapendekeza mwanachama asipokee timu kabla mwenzake aliyeachwa hajalipwa au hajaandikiana nayo namna ya kulipwa. Rasimu ya mkataba wa mfano mmegawiwa mlangoni. Someni kwanza kipengele cha kuvunja mkataba, kwa kuwa ndicho kamati ilichobishania zaidi, kisha tupige kura baada ya chakula.